Nyumba ya Mia Sita

Ndugu na jamaa, majirani, na nyinyi mliotoka ofisi za mbali na viatu vyenu vizuri mkaja kukanyaga udongo wetu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imenipa mimi, dada yake mdogo, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Makadirio. Niliwaambia wamemchagua mtu asiyefaa. Kwa miaka kumi na mitano mimi na yeye hatukusemezana. Wakanijibu kwamba kati ya waliomjua tangu utotoni nimebaki peke yangu, na hilo ni kweli, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, hapa hapa kijijini, katika nyumba ya pili baada ya kisima. Alikuwa kifungua mimba wa fundi baiskeli na mkewe mkulima. Baada yake walizaliwa watoto wawili ambao hawakukaa, kisha mwaka 1957 nikaja mimi, kitinda mimba. Mama alipenda kusimulia kwamba kabla kaka hajaweza kufunga vifungo vya shati lake, alikuwa anahesabu spoku za magurudumu katika karakana ya baba. Siku moja akamwambia mteja mbele ya watu, "Gurudumu lako lina spoku thelathini na nne. Mbili hazipo." Mteja akamgeukia baba kwa macho makali, akidhani zimechomolewa pale pale. Baba alijitetea kutwa nzima. Jioni akamwambia mwanawe, "Hesabu, sikukatazi, lakini hesabu moyoni." Hilo la moyoni lilimchukua miaka mingi kujifunza, na nitawaeleza alilijifunza lini.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Mama akauza zana zote za karakana isipokuwa pampu, ili kaka aende sekondari ya bweni, alikosoma hadi mwaka 1971. Huko ndiko alikoiona swichi ya umeme kwa mara ya kwanza. Aliporudi likizo alitusimulia kwamba aliiwasha na kuizima mara arobaini na moja, hadi mwalimu wa zamu akamfumania na kumpa adhabu ya kufagia bweni wiki mbili.

"Arobaini na moja?" mama akauliza.

"Ningefika hamsini, ila alinikatiza."

Mama alicheka hadi akaketi chini. Alipomaliza kujifuta machozi akauliza ni lini na yeye atabonyeza ya kwake. Kaka akasema, "Ya kwako nitaileta mimi mwenyewe, mama." Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama aliyaweka maneno hayo pale anapoweka vitu vya thamani, na hakuyatoa tena.

Mwaka 1972 alijiunga na chuo kikuu, akahitimu shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 1976. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti mwaka huo alianza kazi katika shirika la umeme la serikali, idara ya mipango, ghorofa ya tatu, meza ya dirishani. Kazi yake ilikuwa kukadiria. Watu watakuwa wangapi miaka ishirini ijayo, watawasha nini, saa ngapi, na mtambo gani uanze kujengwa leo ili siku hiyo wasikutwe gizani. Jina la Makadirio lilizaliwa katika ofisi hiyo. Wenzake wanasema hata akiulizwa kama chai itatosha, alijibu kwa asilimia.

Mwaka 1987 alihamia ofisi ya pamoja ya nchi sita, iliyopewa kazi ya kupanga mabwawa, mitambo na njia za umeme zinazovuka mipaka. Alinieleza zamani, tulipokuwa bado tunaongea, kwa nini alikwenda. Nchi moja ina mito mikubwa na watu wachache. Ya pili ina gesi. Ya tatu ina migodi na viwanda, lakini haina maji ya kuzungusha hata mtambo mmoja. Na mvua za kaskazini huanza za kusini zikikoma. "Kila mtu akijijengea ya kwake tutafilisika wote," alisema, "na kila mwaka mmoja wetu atakuwa anamwaga maji bure wakati jirani yake yuko gizani." Ilichukua miaka ishirini ya vikao kuwafanya wakubwa wakubali jambo ambalo mimi, fundi cherehani, nililielewa kwa kikombe kimoja cha chai.

Mchora ramani wa ofisi hiyo yuko nasi hapa. Amenisimulia kwamba katika kikao kimoja wajumbe wa nchi mbili walikuwa wamegombana hata hawasalimiani. Kaka akaagiza ramani isiyo na mipaka, yenye mito tu, milima, na miduara ya miji inayotumia umeme. Ikabandikwa ukutani. Mjumbe mmoja aliikodolea macho muda mrefu, mwishowe akamnong'oneza hasimu wake, "Samahani, sisi tuko wapi hapa?" Yule naye akatafuta, akamwonyesha kwa kidole. Kufikia mchana walikuwa wanabishana juu ya urefu wa nyaya, na hayo yalikuwa maendeleo.

Huyo huyo mchora ramani ameniambia jambo jingine. Kaka aliishi katika vyumba vya kupanga katika miji mikuu yote sita, na kila alikofikia aliomba viti viwili. Kimoja alikikalia. Cha pili alikiweka upande wa pili wa meza, akakiegemezea ramani, na ndivyo alivyokula chakula chake kwa miaka ishirini na minne. Niliposikia hayo nilitoka nje kidogo.

Nirudi kwenye kazi, kwa sababu kuna kanuni moja lazima niwaeleze. Njia kubwa ya umeme, ile ya kilovolti mia nne, huwezi kuichomolea waya wa nyumbani. Lazima kijengwe kituo cha kupoza umeme, na kituo kimoja hugharimu sawa na hospitali. Kwa hiyo waliulizana vijengwe wapi, na kila mwanasiasa alikuwa na jibu, nalo lilikuwa kwao. Kaka akaandika kanuni. Kituo kitajengwa palipo na nyumba mia sita ndani ya kilomita nane. Diwani mmoja wa nchi ya pili akasimamisha vibanda themanini vya mabati kwa juma moja. Kaka akaongeza mstari chini ya kanuni yake: nyumba ni ile iliyolaliwa na mwenyeji wake siku kumi na nne mfululizo kabla ya hesabu, yenye kitanda kilichotandikwa na jiko lenye majivu. Vibanda vya diwani vikang'olewa, na mstari huo unatumika hadi leo.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1982, na muuguzi ambaye ni wifi yangu hadi leo, maana mimi sikutoa talaka. Kaka alikadiria wageni mia moja na arobaini. Wakaja mia mbili na kumi na wawili. Tangu siku hiyo kila makadirio yake ya umeme yalikuwa na nyongeza ambayo kwenye hati iliitwa "mahitaji yasiyotarajiwa," lakini ofisini waliiita "ndugu wa bwana harusi." Walijaliwa binti mmoja mwaka 1985, ambaye sasa ni mfamasia ng'ambo na amefika jana mchana. Kaka alikuwa kiguu na njia. Mwaka 1996 wifi alimwambia, bila kupaza sauti, "Mimi nilidhani naolewa na mwanamume, kumbe nimeolewa na begi." Kaka alifikiri, akasema, "Ni kweli." Wakaachana hivyo, kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyomuumiza wifi zaidi. Angependa kubishiwa.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 2003 njia ile ilipangwa kupita hapa kwetu, kilomita elfu moja mia tatu na arobaini kutoka bwawani hadi migodini. Mama aliposikia alimtangazia kila mtu kisimani. Mwaka 2006 alikuja mjini kwangu, akanipeleka dukani kwa mkono kama mtoto, akanunua pasi ya umeme. Nilimwambia, "Mama, subiri kwanza." Akasema, "Mwanangu hana maneno mawili." Aliiweka chini ya kitanda katika boksi lake, na kila Jumapili aliitoa akaipangusa vumbi.

Mwaka 2007 minara ilisimama. Ninyi mnaijua, iko pale nyuma ya shule, na upepo ukivuma mnasikia nyaya zinavyovuma. Umeme wa kuendesha migodi ya watu ulianza kupita juu ya paa la mama, na mama aliendelea kuwasha kibatari. Kituo hakikujengwa. Hesabu ilikuwa imetoa nyumba mia nne na kumi na mbili.

Mama alifariki tarehe 21 Septemba 2009. Pasi ilikuwa bado kwenye boksi. Siku tulipomzika, nilimshika kaka mkono nikamvuta kando ya ukuta huu hapa.

"Kwa nini hukuandika mia sita?" nikamuuliza. "Kalamu ilikuwa yako. Nani angejua?"

"Mimi ningejua," akasema.

Nikamwambia kwamba amewapelekea umeme wageni na mama yake amemuacha afe na kibatari. Nikamwambia asinijue na mimi nisimjue. Angenijibu hata neno moja, pengine tusingenyimana salamu miaka yote hiyo. Nilichukua pasi ya mama, nikapanda basi, nikampa kisogo kwa miaka kumi na mitano. Nilimwona hana moyo, na nilikula kiapo kwamba sitamsemesha tena.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011. Wenzake walimtafutia nyumba mjini, karibu na hospitali na maktaba. Akakataa, akaja kujenga hapa, vyumba vitatu, kwenye kiwanja cha karakana ya baba. Alitandaza nyaya ukutani, akaweka swichi tisa na balbu zake, katika kijiji kisicho na umeme. Mama wa nyumba ya jirani, aliyekuwa akimletea maziwa, anasema kila alipoingia chumbani alibonyeza swichi, akasubiri kidogo, kisha akaenda kutafuta kiberiti. Watu walimcheka na yeye akacheka nao. Lakini jioni aliketi peke yake, na mama huyo anasema kuna siku alimkuta anakieleza kile kiti cha pili habari za mvua.

Kuanzia mwaka 2013, kila Januari, nilikuwa napokea bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi yenye namba moja tu. Ya kwanza ilikuwa 487. Iliyofuata 494. Kisha 503. Hakuna salamu, hakuna jina. Nilielewa kuwa ni nyumba, nikaona ananikejeli, ananionyesha kuwa bado hazijafika. Nilizitumbukiza zote kwenye kopo la vifungo. Sikujua kwamba alikuwa anatembea nyumba hadi nyumba na fimbo, kilomita nane kila upande, akiwabembeleza waliohama warudi, akiwasaidia wajane kuandika barua kwa watoto wao, akimshawishi mwalimu mkuu ajenge nyumba za walimu. Jibu lake kwa waliomuuliza anatafuta nini lilikuwa, "Majirani."

Januari mwaka huu karatasi ilisema 600. Chini yake, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na neno. Aliandika, "Njoo."

Sikuja. Nilikuwa na sare za shule za kushona. Nilisema nitakwenda Pasaka, kisha nikasema baada ya Pasaka. Nataka mlisikie hilo kutoka kinywani mwangu na si kwa majirani.

Kumbe moyo wake ulikuwa umepanuka tangu mwaka 2021. Daktari alimwambia ahamie mjini. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi na anajua anachosema, alimpigia simu kumsihi. Kaka akamjibu, "Nikihama itapungua moja." Wifi alidhani anaropoka kwa sababu ya dawa. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 5 Juni 2024, mama wa maziwa alibisha hodi bila kuitikiwa, akaingia, akamkuta ameketi mezani, kichwa kimelalia mkono. Mbele yake kulikuwa na barua kutoka ofisi ya pamoja. Ilisema wahesabuji rasmi watafika Jumatatu, tarehe 24 Juni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Juzi, tukiwa tunapanga viti vya msiba, mchora ramani aliniambia aliloficha kaka. Mwaka 2003 kaka alikataa kuihesabu sehemu hii mwenyewe, ili asionekane anawapendelea watu wa kwao. Alituma vijana wawili wa ofisini. Walikuja Agosti, nao hawakujua kwamba Agosti nusu ya watu wetu hulala mashambani kulinda mavuno, na milango yao imefungwa kwa kamba. Walifuata kanuni, wakazipita. Nyumba za kweli zilikuwa mia sita na kumi na moja. Mtu pekee aliyejua habari ya mavuno alikuwa yule aliyejitoa. Alikuja kugundua mikataba ikiwa imekwisha kutiwa saini, na kama angefungua upya hesabu ya kijijini kwao, vijiji vingine mia mbili vingedai zao na njia nzima isingejengwa. Akanyamaza. Vijana wetu wakachoka na giza, wakahama, na nyumba kweli zikapungua hadi 487. Basi siku ile ukutani, nilipomuuliza kwa nini hakuandika mia sita, alikuwa anajua kwamba zilikuwepo. Alikuwa anahesabu moyoni. Nami nilimwacha na siri hiyo peke yake, nikamwita hana moyo.

Jana mchana mwenyekiti wa kijiji alinijia na wazee wawili. Bila kaka tuko mia tano tisini na tisa. Mwenyekiti ni mtu mwema, akaniambia kwa upole, "Dada, tutatandika godoro tu, tutie na majivu kidogo jikoni. Nani atajua?"

Kabla sijafikiri, kinywa changu kikasema, "Mimi nitajua."

Nikamsikia kaka kabisa.

Marehemu ameacha binti mmoja, aliyekuwa mke wake, na dada. Ameacha wenzake wa ofisi ya nchi sita, na mama wa nyumba ya jirani aliyemletea maziwa miaka kumi na miwili. Ameacha pia, kwa hesabu yake mwenyewe, nyumba mia tano tisini na tisa ambazo wenyeji wake wamo, na mimi namwomba radhi mbele ya wote.

Leo ni Jumamosi, tarehe 8 Juni. Kutoka usiku wa leo hadi wahesabuji wafike ni siku kumi na sita, na kanuni yake inataka kumi na nne. Mimi ni mjane, chumba changu nyuma ya duka huko mjini kina kiti kimoja, na cherehani yangu ni ya miguu, haichagui mahali. Italetwa Jumatatu. Asubuhi hii nimetandika kitanda cha kaka kwa shuka zangu, nimewasha jiko, na pasi ya mama nimeitoa kwenye boksi, nimeiweka mezani kando ya soketi, mbele ya kile kiti cha pili. Wakija wahesabuji watanikuta. Hata umeme ukichelewa miaka mitano, watanikuta.

Kaka, umeniita, nimekuja. Nimechelewa, lakini nimekuja. Pumzika sasa, usihesabu tena. Ni mia sita.